Uso wa Mtu Si Mali ya Mpita Njia

Alfajiri katika mwalo wa Kirumba, mjini Mwanza, ni saa ya kelele nyingi. Mitumbwi inarudi na dagaa wa usiku, wachuuzi wanaitana, mikokoteni inagongana, na vijana wenye nguvu wanaingia majini hadi kiunoni kupokea mizigo na kuileta nchi kavu. Siku moja tulisimama hapo tukamwona mgeni amepanda juu ya jiwe, akainua kamera yake. Vijana wengine walicheka na kujipanga. Lakini mmoja wao, mwenye ndoo kichwani, aliinua mkono wake wa kushoto akauficha uso kwa kiganja. Hakusema neno. Alipokwisha kupita aliushusha mkono, akaendelea na kazi yake.

Mtu mmoja karibu nasi akasema, "Huyo bila shaka ana la kuficha." Wengi wetu tungalisema hivyo hivyo, kwa maana tumezoea kumdhania kijana maskini ubaya kwanza, na wema baadaye, nafasi ikipatikana. Leo twaomba tuligeuze swali. Tusiulize kijana yule alikuwa akificha nini. Tuulize mwenye kamera alitaka kuchukua nini, na ni nani aliyempa ruhusa. Maana jambo hili, ingawa laonekana dogo, lina swali kubwa la haki ndani yake: ni nani mwenye haki ya kuionyesha dunia shida ya mtu mwingine?

FILAMU ILIYOTUGOMBANISHA

Hapa kwetu kando ya Ziwa swali hilo si la vitabuni. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, mtu wa Austria, iitwayo Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin. Ilihusu sangara, samaki yule aliyeingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, ambaye tangu miaka ya 1980 alizaana mno, akala furu hata aina nyingi zikatoweka, kisha akaleta viwanda, fedha, na watu wengi mjini. Filamu ilionyesha ndege kubwa za mizigo zikiondoka Mwanza na minofu kwenda Ulaya. Ilionyesha yaliyobaki nyuma, yaani mapanki, vile vichwa na mifupa, vikianikwa ili wenyeji wavile. Ilionyesha watoto wa mitaani wakigombania chakula na kuvuta moshi wa kulevya. Ilidokeza pia kwamba ndege zile zilileta silaha barani Afrika.

Huko Ulaya filamu ilisifiwa sana, na mwaka 2006 ilikuwa miongoni mwa zile zilizopendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Hapa nyumbani, ambako wengi waliijua kwa jina la filamu ya mapanki, mambo yalikuwa mengine. Mwaka huo huo wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na mwezi wa Agosti watu waliandamana katika barabara za Mwanza kuipinga. Huko Ufaransa nako wasomi waligombana juu yake hata shauri likafika mahakamani Paris.

Hatutaki kuwasha tena moto uliokwisha kuzimika. Twasema tu kwamba kila upande ulikuwa na sehemu ya kweli. Waliokasirika walikuwa na haki kusema kwamba Mwanza si jalala la dunia, bali ni mji wenye shule, sala, harusi, na watu waendao kazini kila asubuhi. Na walioitetea walikuwa na haki kusema kwamba watoto wa mitaani hawakubuniwa na Mwaustria. Shirika la Kuleana, la kutetea haki za watoto, lilianzishwa hapa Mwanza mwaka 1992, miaka 12 kabla ya filamu ile, na halikuanzishwa bure.

Lakini tazameni jambo moja. Wa kwanza walisema, "Onyesheni mateso ya vijana hawa, ili Ulaya ione aibu." Wa pili wakasema, "Msionyeshe, mnalichafua jina la nchi yetu." Mmoja alijali dhamiri ya mbali, mwingine alijali sifa ya nyumbani. Katika kelele zile zote sauti iliyosikika kidogo kuliko zote ni ya vijana wenyewe. Walikuwa kama ng'ombe wa mahari: pande mbili hukaa kutwa zikibishana juu yake, huyu asema amekonda, yule asema amenona, wala hakuna amwulizaye ng'ombe. Tofauti ni kwamba ng'ombe hawezi kusema, na kijana aweza.

KUHUKUMIWA KWA KUTAZAMWA

Labda msomaji atauliza: picha yaweza kumdhulumu mtu vipi, ikiwa jambo lililomo lilitokea kweli? Twajibu hivi. Picha haihitaji kusema uongo ili idhulumu. Yatosha ichukue nukta moja ya maisha ya mtu na kuifanya jina lake. Kijana ana asubuhi na jioni, ana mama anayemtumia fedha kila akipata, ana mzaha, ana deni, ana sala zake, ana wimbo anaoupenda. Picha imemkuta ameinama matopeni. Tangu siku ile, kwa maelfu ya watu wasiomjua, yeye ni mtu wa matopeni tu. Katika mafundisho yetu twahesabu ushuhuda wa uongo kuwa dhambi dhidi ya jirani, na twajua vema kwamba nusu ya kweli, ikisemwa kana kwamba ni kweli yote, yaweza kuwa ushuhuda wa uongo.

Tena kijana maskini ameyajua haya kabla hajaiona kamera. Ameyajua barabarani. Katika nchi zetu nyingi za Afrika wakoloni walituachia kosa la uzururaji, ambalo mtu aliweza kushikwa nalo si kwa alilotenda bali kwa alivyoonekana. Na baada ya uhuru hatukuona haraka ya kuliacha. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na katika miji yetu watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa na kupelekwa mashambani. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, kwamba kila mtu ajipatie riziki kwa jasho lake. Lakini askari aliyesimama njia panda alimtambuaje asiye na kazi? Kwa kumtazama. Alitazama viatu, alitazama shati, akatazama saa ya mchana ambayo kijana alikuwa akipita. Macho yalikuwa ndiyo shahidi, ndiyo mwendesha mashtaka, na mara nyingi ndiyo hakimu.

Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni yake kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Haya ni maneno mazito kutoka katika mahakama iliyo kwetu. Yatufundisha kwamba kumhukumu mtu kwa kumtazama si kosa dogo la adabu, ni uonevu.

Ndugu zetu weusi wa ng'ambo wamelijua jambo hili kwa uchungu mkubwa zaidi. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa huko Maryland, Marekani, akatoroka mwaka 1838. Mwaka uliofuata ufundi wa kupiga picha ulitangazwa duniani. Wakati huo wachoraji wa magazeti ya wazungu walimchora mtu mweusi kama kichekesho, mdomo mkubwa na macho ya mjinga. Douglass alifanya nini? Alikwenda kwa wapiga picha, mara baada ya mara, maisha yake yote. Aliketi wima, amevaa nadhifu, macho makali, pasipo kucheka. Picha zake zijulikanazo leo zapata 160, na yasemwa kwamba hakuna Mmarekani wa karne ile aliyepigwa picha nyingi kumzidi. Haikuwa majivuno. Alijua kwamba waliomnyang'anya mtu mweusi uhuru wake walikuwa wamemnyang'anya uso wake kwanza, naye alikuwa akiurudisha.

Tusione mbali. Wengi wetu tunazo nyumbani picha za wazazi wetu, zilizopigwa studio katika miaka ile ya karibu na uhuru: baba amesimama kando ya kiti, mkono umeshika redio ya kuazima, mama amevaa kitenge kipya, nyuma yao pazia lenye maua au bustani ya kuchorwa. Vijana wa leo huzicheka. Wasizicheke. Baba yule alikuwa mkulima wa pamba aliyeuza robota zake na kuja mjini siku moja. Alichagua mwenyewe jinsi wajukuu wake watakavyomwona. Alilipa fedha yake ili asikutwe, bali ajionyeshe. Kijana wa Kirumba aliyeuficha uso kwa kiganja alikuwa akidai haki hiyo hiyo, ila yeye hakuwa na fedha ya studio.

MSUMARI WA LIMA

Basi, je, tuziache shida zisionekane? Sivyo. Kuna njia nyingine, ambayo wataalamu huiita upigaji picha shirikishi. Maana yake ni rahisi: badala ya kumpiga picha mwenye shida, mpe yeye kamera, kisha keti naye akueleze kwa nini alipiga kile alichopiga.

Twapenda kusimulia habari moja iliyoandikwa na Augusto Boal, mtu wa michezo ya kuigiza kutoka Brazili. Mwaka 1973 huko Peru kulikuwa na kampeni kubwa ya kufuta ujinga, iliyofuata mawazo ya mwalimu Paulo Freire, naye pia Mbrazili. Katika mji wa Lima walimu waliwapa watu wa mitaa ya kimaskini kamera, wakawauliza swali moja: unyonyaji ni nini? Msijibu kwa maneno, jibuni kwa picha. Wengine walileta picha ya mwenye duka, wengine ya mwenye nyumba, wengine ya ofisi ya serikali. Mtoto mmoja alileta picha ya msumari uliopigiliwa ukutani. Hakuna kingine: ukuta, na msumari.

Watu wazima wachache tu ndio walioelewa. Lakini watoto wenzake wote walikubali kwa nguvu kwamba jibu ndilo hilo. Walipoulizwa walieleza. Watoto wengi wa mtaa ule walikuwa wang'arisha viatu. Kwao hakukuwa na viatu vya kung'arisha, basi iliwapasa kwenda katikati ya mji, mbali. Sanduku la vifaa lilikuwa zito mno kwa mtoto kulibeba kwenda na kurudi kila siku. Hivyo walikodi msumari katika ukuta wa duka la mtu, wakatundika sanduku hapo usiku kucha, na kila usiku walilipa. Msumari ule ulikula sehemu ya jasho lao kila siku, na mwenye ukuta hakufanya kazi yoyote ila kuwa na ukuta.

Wasomaji, yafaa tukae na msumari huu kidogo. Mgeni mwenye moyo mwema, angalifika Lima na kamera nzuri, angalipiga picha gani? Angalimpiga mtoto: uso mchafu, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu, macho ya huzuni. Picha ingalitoa machozi kwa watazamaji. Lakini isingalimfundisha mtu yeyote kitu cha kutenda, isipokuwa kumhurumia mtoto. Mtoto mwenyewe hakujipiga. Alipiga msumari. Mtazamaji wa nje huona mateso. Mwenye mateso hujua yametundikwa wapi. Ndiyo maana Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Njia hii imekwisha kujaribiwa mahali pengi. Mwaka 1992 Caroline Wang na Mary Ann Burris waliianza kazi ya namna hiyo katika jimbo la Yunnan, Uchina, ambako wanawake 62 wa vijijini walipewa kamera waonyeshe maisha na kazi zao, na picha zao zikapelekwa kwa wenye mamlaka. Karibu zaidi na kwetu, mwaka 1997 katika mtaa wa Mathare, Nairobi, mpiga picha Lana Wong pamoja na chama cha michezo cha vijana wa Mathare waliwapa vijana 31 kamera za plastiki za bei rahisi, na mwaka 1999 picha zao zikatoka katika kitabu. Na katika miji ya Marekani watafiti wamewapa vijana wanaume weusi kamera, ili waonyeshe wenyewe jinsi wanavyoonewa, wapi wanashukiwa, na wapi wanapata pumzi.

Msumari wa Mwanza ni upi? Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Twajua habari chache kwa jumla. Twajua kwamba vijana wa dagaa huvua kwa taa katika giza la mwezi, na kwamba mara nyingi gharama za mafuta na chakula hutolewa kwanza kabla hawajagawana kilichobaki na tajiri mwenye mtumbwi. Twajua kwamba mchuuzi wa barabarani hana budi kutafuta mahali pa kulaza bidhaa zake usiku, kama mtoto yule wa Lima. Lakini tukiendelea kubuni, tutakuwa tumelirudia kosa lile lile tunalolikemea. Jibu analo kijana, na hatujamwuliza.

PINGAMIZI MBILI

Twasikia msomaji akisema: mbona picha za wageni zimewahi kuokoa watu? Ni kweli, wala hatutaki kuficha. Mwaka 1904 katika nchi ya Kongo, wakati wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, baba mmoja jina lake Nsala alifika misheni ya Baringa akiwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mke wa mmisionari, Alice Seeley Harris kutoka Uingereza, alimpiga picha ameketi barazani akivitazama viungo vile. Picha hiyo ilionyeshwa katika mikutano mingi Ulaya na Marekani, nayo ilisaidia kuwaamsha watu hata Leopold akalazimika kuiachia nchi ile mwaka 1908. Nani atathubutu kusema ingalikuwa heri isipigwe?

Lakini tazameni vizuri. Nsala hakuviziwa. Alikuja mwenyewe kushtaki, amebeba ushahidi wake mikononi. Yule mama alimwazima kamera yake kama vile mtu anavyomwazima mwenziwe sauti mbele ya baraza asilofika. Wala hakupiga picha akaondoka. Aliendelea kuishi na neno lile miaka mingi, akizunguka mji hata mji kulisema. Kwa hiyo hatusemi kwamba jirani asimlilie jirani. Asiyeweza kupaza sauti alie kwa kinywa cha mwenziwe. Twasema tu kwamba amlilie kwa ridhaa yake, na asimwache katikati ya kilio.

Pingamizi la pili ni la siku hizi. Mtu atasema: haya ni mambo ya zamani, leo kila kijana anayo simu yenye kamera, basi tatizo limekwisha. Tungetamani iwe hivyo. Simu imeweka kamera mkononi mwa wengi, lakini haikuweka sikio katika kichwa cha mtu yeyote. Tena imetuonyesha jambo la kuhuzunisha, kwamba sisi kwa sisi twaweza kuwa wageni wakatili kuliko mgeni wa juu ya jiwe. Ajali ikitokea barabarani, wa kwanza kufika mara nyingi huinua simu kabla ya kuinua majeruhi. Mtuhumiwa wa wizi akipigwa sokoni, vijana wenzake humzunguka na kumpiga picha damu ikimtoka, na kabla ya jua kuchwa mama yake huko kijijini amekwisha kuiona. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo ni hatua njema. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila njia panda. Kinachoweza kusimama hapo ni dhamiri.

Hali kadhalika, yafaa tuseme wazi kwamba hata kamera ya kupewa yaweza kuwa dhuluma. Waungwana huja na mradi, vijana hupewa kamera kwa majuma sita, picha hutundikwa katika ukumbi wa hoteli, wageni hutembea wakishika vikombe, husema "Inagusa moyo," kisha hurudi makwao. Kijana naye hurudi kwenye ndoo yake, akiwa na jambo moja zaidi la kumwumiza: sasa anajua kwamba waliona. Kumpa mtu kamera bila kumpa sikio ni kumdhihaki, na kumpa sikio bila kutenda lolote ni kumdhihaki mara mbili.

KUONA NA KUPITA

Wengi wa wasomaji wetu wameijua tangu utoto habari ya mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Mara nyingi huwa tunasahau jambo moja katika habari ile. Kuhani alimwona. Mlawi naye alimwona. Hawakuwa vipofu. Msamaria naye alimwona, kama wao. Kilichowatenga si macho, ni miguu: wawili walipita upande wa pili, na mmoja alimkaribia. Kuona peke yake hakujamfanya mtu yeyote kuwa jirani.

Kwa hiyo twaona kwamba anayetaka kuionyesha shida ya mwingine ana wajibu wa mambo matatu. Kwanza, aombe. Ridhaa si karatasi ya kutia sahihi kwa haraka. Ni mtu kuelewa picha yake itakwenda wapi, itaonwa na nani, na kuwa huru kukataa bila kununiwa. Na kijana aliyepewa kamera naye afungwe na sharti hilo hilo atakapompiga mama lishe au mlevi wa mtaani kwake. Pili, maneno yaliyo chini ya picha yawe ya mwenye picha. Msumari bila maneno ya mtoto ulikuwa msumari tu. Tatu, anayetazama akubali kufungwa na alichokiona. Kama ni mkuu wa mtaa, basi alitafute jambo lililotajwa. Kama ni tajiri wa mitumbwi, alifungue daftari la hesabu mbele ya wavuvi wake. Kama ni msomaji wa kawaida asiye na cheo, walau aache kuwaita vijana wote wa mwaloni wahuni.

Wazazi, wajibu huu waanzia nyumbani. Wafundisheni watoto wenu kwamba simu si ruhusa. Mtu aliyeanguka hapigwi picha, huinuliwa. Aliyefiwa hapigwi picha akilia, huketiwa naye. Na jioni moja, mwulizeni kijana wenu wa kiume, yule anayerudi usiku na hasemi sana, akuonyesheni kwa picha mahali panapomwonea katika siku yake. Msishangae akiwaletea picha ya mlango wa ofisi, au ya kiti, au ya msumari. Wala msimwambie kwamba amekosea. Mwulizeni aeleze.

Viongozi wa vijana nao, katika mitaa na vigango, hawahitaji mfadhili kutoka mbali kuanza jambo hili. Simu zipo. Ukuta wa kutundikia upo. Linalotakiwa ni watu wazima kumi watakaokuja kuketi mbele ya ukuta ule na kunyamaza kwa saa moja vijana wanaposema, kisha warudi mwezi ujao kueleza wametenda nini.

Kabla hatujamaliza, imetupasa kukiri jambo. Katika mistari ya kwanza ya makala haya tulimchukua kijana wa Kirumba, mkono wake, ndoo yake na kiganja chake, tukamweka gazetini. Hatukumwomba. Alipouficha uso hatukumfuata kumwuliza sababu. Tulikaa tukaanza kumwandikia sababu zetu. Hatukumtaja jina, kwa kuwa hatukulijua, na hilo nalo latushtaki. Basi tulilowahimiza wasomaji tumelipokea sisi kwanza. Tutarudi mwaloni, safari hii bila kamera, tumtafute kama atapenda kutafutwa, na tumwulize. Na kama atainua tena kiganja chake, tutakuwa tumejibiwa.